Marejeo ya Kasuku

Jumatatu, 4 Machi

Leo amesema: sawa.

Mwalimu wa matamshi ametuagiza mtu mmoja wa nyumbani awe anaandika kila siku mgonjwa amesema nini na amemwambia nani, ili akija Jumamosi apate pa kuanzia. Wifi yangu kasema hana nafasi ya kuandika, ana cherehani na sare za shule za watu zinamsubiri. Kwa hiyo ni mimi. Nilijua. Katika ukoo huu kazi yoyote yenye karatasi natupiwa mimi, kwa kuwa ni mkutubi wa chuo cha wauguzi na watu wanaamini mimi na karatasi tumezaliwa siku moja.

Basi, kwa taarifa ya mwalimu: mgonjwa ni mdogo wangu, daktari wa watoto. Nyumbani tunamwita Kasuku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo wake. Mtu huyu alikuwa akikusimulia hata alivyofunga kamba za viatu. Kiharusi kilimkuta kabla mvua hazijaanza, kikamlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamwachia neno moja tu. Ukimpa chai, sawa. Ukimuuliza amelalaje, sawa. Chai ikimmwagikia kifuani, sawa, huku machozi ya hasira yakimlengalenga. Kalamu akiishika kwa mkono wa kushoto anachora maduara.

Nimehamia chumba cha mbele cha nyumba yao. Asubuhi naenda maktaba, mchana narudi. Paa la veranda linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Jumanne, 5 Machi

Sawa. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja msaidizi wake wa wodini, daktari wa kike, kijana bado, ambaye mimi na wifi tunamwita Miwani, maana miwani yake imeuzidi uso. Hatumwiti hivyo mbele yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamsimulia Kasuku habari za wodi kirefu, nani kaenda likizo, mashine gani imekufa, na Kasuku akawa anajibu sawa, sawa, kila alipoachiwa nafasi. Ungewasikiliza kutoka sebuleni ungedhani ni mazungumzo.

Kisha akanigeukia mimi. Jarida limeikubali makala yao. Nilipiga kigelegele, wifi akaja mbio na mkasi mkononi.

Makala yenyewe naijua, nimesimuliwa mara nyingi nikiwa sitaki. Walikuwa wanapima joto la watoto njiti wanapotoka chumba cha kujifungulia kwenda wodini. Zamani watoto hao walikuwa wanafungwa mashuka na kusukumwa kwenye kitoroli. Kasuku akaagiza mtoto avalishwe kofia, alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na anayesukumwa awe mama. Watoto wanaofika wodini wamepoa wakapungua sana. Ni kazi yake ya miaka, na jina lake ndilo la kwanza. La Miwani ni la pili.

Ila mhariri ametoa masharti, na mwisho ni kabla Aprili haijaisha. Kwanza marejeo yote yapangwe upya, kwa namba, kwa kufuata yanavyotokea ndani ya makala, kila moja na majina, mwaka, juzuu na kurasa zake. Pili, kila mwandishi athibitishe kwamba ameisoma nakala ya mwisho na kuiidhinisha.

"Marejeo niachie mimi," nikamwambia Miwani. Kwani kazi gani niliyosomea?

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu wa matamshi alifika amelowa hadi magotini. Leo ilikuwa zamu ya maswali ya ndiyo na hapana.

"Wewe ni daktari?"

"Sawa."

"Huyu ni mkeo?"

"Sawa."

"Wewe ni mwanamke?"

"Sawa."

"Sasa hivi ni usiku?"

"Sawa," na jua lilikuwa limechungulia dirishani kama la kutukomoa. Wifi akacheka, kisha akaingia jikoni na hakutoka. Mimi nilibaki nakodolea zulia.

Mwalimu akasema tusivunjike moyo. Neno limekwama mdomoni, haina maana kwamba na akili imekwama. Huenda anaelewa mengi. Nikamuuliza mengi kiasi gani. "Hilo atatuonyesha mwenyewe," akajibu. Jibu la kitaalamu. Maana yake hajui.

Kumbe Miwani alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Nilipomsindikiza hadi getini akafungua mwavuli, akaufunga, akaufungua tena.

"Dada, usinichukie. Ile fomu ya kuidhinisha... mimi ndiye nitakayeituma. Siwezi kuandika kwamba bosi ameidhinisha, wakati kila kitu kwake ni sawa."

"Kwa hiyo?"

"Sijui. Nilitaka ujue mapema."

Nimejua. Jina la kwanza likitoka, la pili linapanda. Huyu binti yuko mkao wa kula, na mdogo wangu hata hajakauka maji ya hospitali.

Jumapili, 10 Machi

Nimefungua faili la Kasuku kwenye kompyuta yake. Mungu wangu.

Watu wenye akili zao hutumia programu ya kupangia marejeo. Kasuku kila alipohitaji kutaja chanzo kafungua mabano, kaandika lililomjia kichwani, kafunga mabano, kaendelea na safari. Ninayo hapa: [mzee wa baridi]. [wale wanaogombana]. [jalada jekundu, juu ya kabati]. [yule mama wa mizani]. [SI HUYU, mwenzake]. [kofia]. Ukurasa mzima umejaa watu wasio na majina, na mwenye kuwajua yuko chumba cha pili anasema sawa.

Nilimpelekea. "[Mzee wa baridi] ndiye nani, Kasuku?" Akanitazama vizuri kabisa, akainua mkono wa kushoto kama anayeanza hotuba, akafungua mdomo. "Sawa," akasema. Akaushusha mkono. Nilitamani kulia lakini nilikuwa nimeshika kompyuta.

Jumanne, 12 Machi

Sawa. Mvua. Jalada jekundu limepatikana juu ya kabati, kama ilivyoandikwa. Ndani mna marejeo manne na stakabadhi ya kinyozi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempata mzee wa baridi, na aliyemfichua ni wifi. Nilikuwa nanung'unika peke yangu, naye akaongea bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Si yule aliyepigwa picha amevaa koti na skafu, anaongelea joto la watoto? Kasuku alikuwa anacheka kitandani mpaka godoro linatikisika. Kasema huyu mzee anajua baridi kwa vitendo."

Kwa maelezo hayo nikatafuta waandishi wa zamani wa mada ile wenye picha. Ni yeye. Koti, skafu, na uso wa mtu aliyedaiwa tabasamu na mpiga picha akamnyima.

Niandike ukweli hapa. Siku zote nimemwona wifi kama mtu mkavu. Kasuku akisimulia, yeye anashona. Kasuku akiugua, yeye anashona. Nilidhani hasikilizi. Kumbe muda wote alikuwa anasikiliza kwa mgongo.

Jumatatu, 18 Machi

Kazi ya leo: majina. Jarida hili linataka waandishi sita wa kwanza tu. Wa saba na kuendelea waitwe "na wenzake". Nimefanya kazi hii kwa miaka na sikuwahi kuifikiria. Leo nimeifikiria. Rejeo moja lina waandishi kumi na mmoja, na nimewafuta watano kwa kidole kimoja. Kati ya hao watano kuna mtu aliyeamka alfajiri kupima vichanga, akarudi nyumbani akasimulia.

Halafu nikafikiria shukrani. Mwishoni mwa makala huwa pana mistari midogo: tunamshukuru fulani kwa mchango wake. Huko ndiko watakakompeleka mdogo wangu, baina ya mdhamini na fundi wa mashine. Sitaki. Nimeifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Jumanne, 19 Machi

Sawa.

Ijumaa, 22 Machi

[kofia] imenizungusha tangu Jumapili ile ya kwanza. Nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu kofia za vichanga. Sasa naweza kufungua chuo. Hakuna kinacholingana na sentensi yake. Leo nimeisoma tena polepole: "Kofia zilishonwa hapa hapa [kofia]."

Nikamwita wifi. "Wifi, kofia za wodini alishona nani?"

"Mimi." Akakata uzi kwa meno. "Vipande vya sare vinabaki, nikasema visitupwe."

"Zote?"

"Zote. Kwani ameandika?"

Nikamwonyesha. Chini kabisa ya faili, ambako sikuwa nimefika, pana mabano mengine: [kofia: mke wangu. Jina kamili, asije akaniua]. Hakikuwa chanzo, ilikuwa shukrani.

Wifi alisoma, akasoma tena. Akaenda chumbani kwa Kasuku akafunga mlango. Cherehani haikulia tena mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa niliusikia ukimya wa nyumba hii. Ile mistari midogo ya shukrani sasa naiona kwa jicho jingine, walau kwa upande wa wifi.

Jumatano, 27 Machi

Wale wanaogombana ni makundi mawili ya madaktari waliotupiana barua jaridani mwaka mzima kuhusu kipimajoto kiwekwe wapi, kwapani au kwingineko. Kila barua ina adabu tele na sumu tele. Nimecheka peke yangu, kisha nikaenda kumsomea Kasuku zile barua kwa sauti za kuigiza, moja ya pua, moja ya tumbo. Akacheka. Kicheko ni kilekile cha zamani, hakikuguswa hata kidogo. Alicheka mahali penyewe pa kuchekwa. Mwalimu, tafadhali liweke hilo akilini.

Jumatatu, 1 Aprili

Miwani alimwandikia mhariri kueleza hali ya bosi wake, bila kuniambia. Leo kaja na jibu, kalichapa, kaliweka mezani kama mtu anayeleta matokeo mabaya ya maabara. Mhariri anampa pole mgonjwa kwa maneno mazuri, kisha anasema: mwandishi asiyeweza kuidhinisha nakala ya mwisho hawezi kuorodheshwa. Anaweza kushukuriwa.

"Nani alikutuma umwandikie?"

"Nisingeandika ningekuwa nadanganya, dada."

"Unadanganya nini? Yeye ndiye aliyeifanya kazi! Muulize! Kasuku, makala iende na jina lako?"

"Sawa," kutoka chumbani.

Miwani akavua miwani. Bila miwani uso wake ni wa mtoto. Akaita kwa sauti kuelekea mlangoni. "Bosi, jina lako litolewe?"

"Sawa."

Wifi alikuwa ameshika kitambaa, akakaa nacho hivyohivyo. Mimi nilimwambia Miwani maneno ambayo sitayaandika, mojawapo lilihusu kiti ambacho hakijapoa na mtu ameshakipiga jicho. Akaokota mwavuli wake akaondoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Sawa. Mvua ya mawe kidogo. Miwani hajaja.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwalimu wa matamshi amesoma shajara hii akaniuliza kama kweli ni kumbukumbu za mgonjwa au ni za ugomvi. Nikamwambia mgonjwa anasema neno moja, ugomvi una mengi.

Zoezi la leo: tumsubirie. Mwalimu anasema tukimuuliza tunamjibia wenyewe kwa nyuso zetu kabla hajafika. Tumuulize, tunyamaze, tuangalie kando. Wifi kajaribu kwa uji. "Unautaka?" Akatazama dirishani. Muda ukapita, nikaanza kujisikia vibaya kwa ajili ya uji. Kasuku akasema sawa, huku mkono wa kushoto ukisukuma bakuli mbali.

Mdomo umesema sawa, mkono umekataa. Mwalimu akafurahi kuliko sisi. Akasema hapana iko ndani, inatafuta pa kutokea.

Jumatatu, 8 Aprili

Uji umekataliwa tena. Tumemnunulia mkate.

Jumanne, 9 Aprili

Limebaki bano moja. Liko ukurasa wa kwanza kabisa, kwenye sentensi isemayo kwamba watoto njiti wengi hupoa wakiwa njiani na si ndani ya chumba cha kujifungulia. Mbele yake kaandika: [nani kasema?]

Swali hili nalijua kuliko anavyolijua yeyote. Akiwa mdogo, ukimwambia nywele zikikatwa Jumatatu zinaota haraka, nani kasema? Ukimwambia akalale kwa kuwa watoto wote wameshalala, nani kasema? Alilipia swali hilo kwa makofi mengi. Wodini, najua kwa kusimuliwa, wanafunzi wanaliogopa kuliko mtihani.

Basi kazi yangu rahisi: nitafute nani kasema. Na wamesema wengi. Nimechagua makala moja ya karibuni, ya jarida lenye jina, na ikisiri yake, ule muhtasari wa mwanzo, inasema hilo hilo karibu neno kwa neno. Nimeiweka. Ni rejeo namba tatu. Bano la mwisho limekufa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemaliza. Majina, mwaka, juzuu, kurasa, nukta na mikato. Niliyapanga kwa programu, inayozifunga namba zijipange zenyewe, lakini jarida linataka faili lisilo na minyororo hiyo, namba ziwe za kuchapwa tu, kwa hiyo nimeikata minyororo. Sasa ukigusa namba moja hakuna kitakachozipanga upya ila mikono yako. Lakini nani wa kuzigusa? Nimejipikia chai nzito.

Jumapili, 14 Aprili

Wifi kaniambia niende nikamwombe Miwani radhi. Nikamuuliza kwa lipi. Akaniambia, "Kwa yote, na lile la kiti kipekee." Kisha akaongeza kwamba Miwani huja kila asubuhi nikiwa maktaba, anamnyoosha Kasuku vidole, anamsomea majarida, anaondoka kabla sijarudi ili tusikutane. Hajakosa hata siku za mvua kubwa.

Nimekaa na habari hiyo mchana kutwa. Inanikera sana mtu niliyeamua kumchukia anapokataa kunisaidia kumchukia.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilikwenda wodini. Miwani alikuwa amembeba kichanga kwa mkono mmoja, mwingine unaandika. Nikamwomba radhi hapohapo, mbele ya wauguzi, maana ningengoja faragha ningeghairi.

"Mimi sitaki jina lake litoke, dada," akasema. "Nataka alitetee mwenyewe. Nikiandika tu kwamba amekubali, nimemfanya mtu wa kusemewa. Yeye hakuwahi kunifundisha hivyo."

Tumekubaliana aje Jumamosi. Tutamsomea makala yote, sentensi kwa sentensi, tukinyamaza kila mwisho wa sentensi kama mwalimu alivyotufunza. Tutaona. Akibaki na sawa tupu, nitaliondoa jina lake mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimeahidi hivyo, na njiani kurudi nilijuta.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika yote.

Tulimketisha kwenye kiti cha mikono kando ya dirisha, nakala iko mezani mbele yake. Wifi kashika upande wake wa kulia. Miwani anasoma. Mimi nina kalamu.

Kichwa cha makala. Kimya. "Sawa." Majina. Kimya. "Sawa." Sentensi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Nilikuwa natazama maji yakitiririka kwenye kioo na nimeshaanza kuandaa moyo wangu. Miwani akasoma ile ya watoto njiti wengi hupoa wakiwa njiani, akataja namba tatu, akanyamaza.

Kasuku hakusema kitu.

Tukangoja. Akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, kiganja kizima, juu ya sentensi ile. Shingo ikaanza kumtutumka. Wifi akataka kumpa maji, nikamzuia kwa jicho.

"Na," akasema. "Na. Nani."

Mimi kalamu ikanidondoka.

"Nani kasema?"

Ilikuwa ni sauti yake. Ukali wake, na ule mkwaruzo wa mwisho, kama yuko wodini na mwanafunzi kamletea porojo. Wifi akashika mdomo kwa mikono miwili. Miwani akalia waziwazi, huku anacheka, akasema, "Nimeliogopa swali hili miaka minne, leo naomba alirudie."

Akalirudia. Safari hii ananitazama mimi. "Nani kasema?"

Na mimi, badala ya kumkumbatia ndugu yangu, nikajitetea! Nikasema jarida, nikasema mwaka, nikasema iko kwenye ikisiri, Kasuku, neno kwa neno. Akatikisa kichwa. Akagonga meza kwa kidole. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba makala yenyewe sikuisoma. Nilisoma ikisiri. Mimi, niliyebandika tangazo mlangoni mwa maktaba: USITAJE USICHOKISOMA.

Tukaifungua makala nzima. Watu wale hawakupima kitu njiani. Wanasema tu, kisha wanataja makala nyingine. Tukaifungua hiyo. Nayo inasema tu, inataja nyingine, ya zamani, ambayo haimo kwenye mtandao.

"Inabidi tuipate," Miwani akasema.

Kasuku akaegemea kiti, amechoka, jasho limemtoka. "Sawa," akasema.

Jumanne, 23 Aprili

Maktaba moja kubwa imenitumia nakala ya ile makala ya zamani, kurasa zimepigwa picha zimepinda. Sentensi imo, kwenye utangulizi. Haina namba wala chanzo. Mwandishi kaandika "inafahamika kwamba", basi. Wote waliofuata wamemnukuu yeye, kisha wakanukuuana.

Nimemsomea Kasuku. Nikamwambia, "Hakuna aliyesema." Akafumba macho akatabasamu upande ule unaotabasamu. Sasa nimelielewa bano lake. Hakuwa anajikumbusha kutafuta chanzo. Alishawatilia mashaka tangu zamani, na angeifuta sentensi ile mwenyewe kama angepewa wiki moja zaidi ya afya. Mimi nilimwekea uongo wenye kurasa na juzuu chini ya jina lake.

Nikaweka kidole kwenye sentensi. "Nifute?"

Nikaangalia kando, nikanyamaza. Akachukua kidole changu kwa mkono wake wa kushoto, akakipeleka kwenye kitufe cha kufutia, akakikandamiza.

Jumatano, 24 Aprili

Rejeo namba tatu limetoka, na mimi nilishakata minyororo. Nne imekuwa tatu, tano imekuwa nne, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndani ya makala, kwenye majedwali, chini ya picha, kwa mkono. Wifi ananisomea namba kutoka kwenye cherehani, mimi nabadilisha. Nimejitukana kwa majina yote, yote yakiwa kwa mpangilio sahihi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sawa. Na "nani kasema?" mara mbili: moja kwa utabiri wa hali ya hewa redioni, moja kwa wifi aliyesema chai haina moto.

Jumamosi, 27 Aprili

Miwani kaja na kusoma upya kukaanza. Mwalimu wa matamshi alikuwepo, kavuta kigoda pembeni.

Safari hii zilipita sentensi nyingi. Sawa. Sawa. Nikaanza kuogopa tena, maana sawa zilikuwa zinafuatana mno. Kwenye matokeo Miwani akasoma kwamba watoto waliofika wamepoa waliongezeka.

Nikaruka. "Umekosea, ni wali..."

"Nani kasema?" Kasuku akafoka, na kiganja kikapiga meza hadi vikombe vikaruka.

Miwani hakushtuka. Akamtazama bosi wake usoni. "Hakuna, bosi. Nimekosea makusudi. Walipungua." Kisha akanigeukia, "Samahani, dada. Ilibidi nijue."

Wiki tatu zilizopita ningemrushia kikombe. Leo nimemmiminia chai. Katika watu wote waliompenda mdogo wangu msimu huu, yeye peke yake hakukubali kumwonea huruma.

Tukasoma mpaka shukrani. Jina kamili la wifi limo, kwa kofia. Tukasoma marejeo nayo, moja moja, nukta na mikato, naye akasikiliza yote, na kwa mzee wa baridi akacheka. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu, hatukuwa tumeona.

Miwani akafungua ile fomu. Akaiweka mbele ya Kasuku, akasoma kila neno taratibu: nimesoma nakala ya mwisho, naiidhinisha, naomba ichapishwe kwa jina langu. Akanyamaza. Sote tukaangalia kando. Mimi nilitazama paa la veranda.

Kasuku akachukua muda wake. Nilimsikia akivuta karatasi, akiirudisha.

Mwalimu, kwa kumbukumbu zako: leo amesema sawa.

Tumetuma.